Kabla Hujasema "Ana Tabia Mbaya": Maswali Matano ya Kujiuliza

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa pengine unamjua wa kufanana naye. Msichana wa darasa la sita alizoea kushika nafasi ya tatu au ya nne kila muhula. Tangu Juni ameshuka. Hamalizi kazi za nyumbani, anajibu kwa mkato, asubuhi anaamshwa mara tatu. Baba anasema ni uvivu. Mama anahisi kuna mvulana. Bibi ameshauri aombewe. Mwalimu ameandika kwenye ripoti kwamba bidii imepungua. Wote wanne wanampenda, na kila mmoja ameshachagua dawa yake: fimbo, kunyang'anywa simu, maombi, tuisheni.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unaishi au unafanya kazi na mtu kama huyo: mtoto, mwanafunzi, mume, mke, mdogo wako, mwenzako kazini. Utakusaidia kutafuta sababu kabla ya kutoa dawa.

Kwa nini usikimbilie jibu

Sababu unayoitaja ndiyo inayokuchagulia hatua. Ukisema mvivu, utachapa. Ukisema haoni vizuri ubaoni, utampeleka apimwe macho. Ukikosea pale mwanzo, hata ukiongeza juhudi, unaongeza juhudi kwenye njia isiyo yake.

Na kukosea ni rahisi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1977 mwanasaikolojia wa Marekani, Lee Ross, alilipa jina kosa ambalo wenzake walikuwa wameligundua kwenye majaribio yao: tunapoeleza matendo ya wengine, tunaitaja tabia yao na kuyasahau mazingira yao. Jirani akichelewa kikao, hajali. Sisi tukichelewa, kulikuwa na foleni.

Saikolojia yenyewe haina jibu moja. Tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, wataalamu wamegawanyika katika mikabala kadhaa. Wapo wanaoanzia kwenye ubongo, wapo wanaoangalia malipo na adhabu, wapo wanaofuata mawazo, wengine uhusiano wa utotoni, wengine jamii na utamaduni. Wanafunzi wa chuo hukariri mikabala hii kama orodha ya vyama, kila kimoja na mwenyekiti wake. Wewe huna haja ya kujiunga na chama chochote. Chukua swali moja kutoka kila mkabala, uliulize kwa zamu, na uanze na lile ambalo ukilisahau madhara yake ni makubwa zaidi.

Kabla ya swali la kwanza: andika kitendo

Tafuta daftari. Kwa wiki moja, andika ulichokiona kwa macho, bila kumpa mtu sifa yoyote.

1. Amefanya nini hasa? Usiandike "mkaidi". Andika "hakufungua daftari la hisabati".
2. Siku gani, saa ngapi, mahali gani, na nani alikuwepo?
3. Nini kilitangulia, dakika chache kabla?
4. Nini kilifuata mara baada ya hapo? Wewe ulifanya nini?
5. Lini *hakufanya* hivyo? Hili usiliruke. Ikiwa Ijumaa aliifanya kazi yote akiwa kwa shangazi yake, Ijumaa hiyo ina habari nyingi kuliko siku nyingine zote za wiki.
6. Hali ilianza lini, na nini kingine kilibadilika wakati huo: kuhama, msiba, mwalimu mpya, mdogo kuzaliwa, kuvunja ungo?

Wengi wanaoianza kazi hii hugundua kwamba "siku zote" walizokuwa wakizilalamikia ni siku mbili au tatu za wiki, tena saa zilezile.

Swali la 1: Mwili wake ukoje?

Anza hapa, kila mara. Usingizi, njaa, damu, macho, masikio, homoni na ubongo vinaweza kumfanya mtu aonekane mvivu, mkali au mjinga.

Mfano mkubwa uko Mahenge, kusini mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliwakuta huko watu wengi wenye kifafa, wakiwemo watoto waliokuwa wakitikisa vichwa mbele na nyuma. Jamii iliwaogopa. Wengi walilishwa kando na kulazwa kando, kwa hofu kwamba ugonjwa ungeambukiza kwa mate au kwa kumgusa mtu aliyeanguka. Alifungua kliniki, akawapa dawa za kifafa, na wengi walipungukiwa na degedege. Baadaye watafiti waliuhusisha wingi wa kifafa wa eneo lile na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni. Fikiria ni watoto wangapi walitengwa kwa jambo lililohitaji vidonge.

Kwa msichana wetu, kagua haya:

☐ Anasoma ubao akiwa nyuma ya darasa? Anakunja macho?
☐ Anasikia ukimwita kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo?
☐ Analala saa ngapi? Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10, na balehe yenyewe husogeza mbele saa ya kushikwa na usingizi. Ukimwamsha saa 10 alfajiri kuwahi gari la shule, fanya hesabu.
☐ Anachoka haraka, viganja na ndani ya kope ni vyeupe? Apimwe damu, hasa akiwa ameanza hedhi.
☐ Ana vipindi vya "kupotea" kwa sekunde chache, anakodoa macho bila kuitika? Hicho kinaweza kuwa kifafa kisichoangusha.
☐ Kuna dawa anayotumia, pombe, bangi, au kitu kingine?

> Tahadhari. Mtu akianguka kifafa: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie chochote mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Degedege likizidi dakika 5, mkimbize hospitali.

Mwili ukikutwa hauna tatizo, hujapoteza muda. Endelea.

Swali la 2: Anapata nini, au anaepuka nini?

Mwaka 1898 Edward Thorndike aliwafungia paka ndani ya visanduku na kuwaacha watafute namna ya kutoka. Kitendo kilichowafungulia mlango kilirudiwa upesi zaidi kila safari. B. F. Skinner akaliendeleza wazo hilo kwa panya na njiwa, na kitabu chake cha 1938 kikawa nguzo ya mkabala huu: kinachofuata baada ya kitendo ndicho kinachokiimarisha au kukififisha.

Rudi kwenye daftari lako, usome jibu la namba 4. Kama kila msichana anapoiacha hisabati mama huja kukaa naye nusu saa, basi kuiacha kunamletea mama. Kama akichelewa kuamka anakosa kipindi cha kwanza, na kipindi hicho ni cha mwalimu anayemdhihaki, basi kitanda kinamwokoa.

Skinner aligundua pia jambo ambalo kila mzazi wa kijana anayebeti anapaswa kulijua. Malipo yanayokuja bila kutabirika, mara hii ndiyo, mara tano hapana, hujenga mazoea magumu kuvunja kuliko malipo yanayokuja kila mara. Mkeka unaochanika kwa mechi moja haumkatishi tamaa kijana. Humwambia alikaribia. Ndiyo maana maneno "si unaona unapoteza tu" hayamfikii.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi nyumbani kwako. Ukimkatalia mtoto biskuti dukani mara nne na kumpa mara ya tano kwa sababu ya kelele, umemfundisha kulia kwa muda mrefu zaidi.

Hatua za kufuata:

1. Chagua kitendo kimoja tu cha kubadilisha, kidogo na kinachohesabika.
2. Amua utakachompa *papo hapo* kikitokea. Sifa yenye maelezo inatosha mara nyingi: "Umefungua daftari mwenyewe bila kuambiwa." Ahadi ya baiskeli mwisho wa mwaka ni mbali mno.
3. Ondoa malipo uliyokuwa ukitoa kwa kitendo usichokitaka.
4. Shikilia. Wakati mwingine tabia huongezeka kwa siku kadhaa kabla ya kupungua, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Ukirudi nyuma siku hiyo, umelipa fujo kubwa zaidi.
5. Tabia mpya ikishika, punguza malipo polepole.

Fimbo je? Huzima kitendo mbele ya anayeishika, na haimfundishi mtoto afanye nini badala yake. Anachojifunza haraka ni kujificha na kumwogopa mchapaji. Tena watoto huiga. Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto mtu mzima akiupiga mdoli mkubwa wa kujazwa hewa. Baadaye, walipoachwa na mdoli huo, watoto wengi waliupiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale waliyoyasikia. Kama nyumbani hasira humalizwa kwa kofi, usishangae kusikia kesi za ngumi kutoka shuleni.

Swali la 3: Anajiambia nini?

Watu wawili wanafeli mtihani uleule. Mmoja anasema nilisoma vibaya. Mwingine anasema mimi ni mjinga. Wa kwanza anachukua kitabu, wa pili anaiacha shule moyoni hata kama mwili unakwenda. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili huko Philadelphia, aliliona hili kwa wagonjwa wake wenye sonona katika miaka ya 1960: mawazo ya haraka, yasiyohojiwa, kuhusu nafsi zao, ulimwengu na kesho. Akajenga tiba ya kuyakamata mawazo hayo na kuyapima kama yana ushahidi.

Ukitaka kuona mkabala huu ukifanya kazi kwa watu wa kawaida, tazama Zimbabwe. Kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi, wahudumu wa afya wa mitaa ya Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na mtu anayesumbuliwa na kile Washona wanachokiita kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na akina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Akina bibi hawa hawakuwa na shahada za saikolojia. Walikuwa na mafunzo, utaratibu, na subira.

Utaratibu unaofanana na ule unaweza kuujaribu, ukichagua saa tulivu, bila ndugu wengine wa kusikiliza:

1. Fungua kwa ulichokiona, bila kuuliza kwa nini: "Mwanangu, naona hisabati huigusi tangu Juni. Nataka kuelewa." Swali la "kwa nini" kwa mtoto husikika kama mashtaka.
2. Nyamaza. Acha ukimya upite hata ukikukera.
3. Rudia alichosema kwa maneno yako, umuulize kama umemwelewa.
4. Mwombe ataje matatizo yote, kisha achague *moja* la kuanza nalo. Achague yeye.
5. Tafuteni njia kadhaa, hata za ajabu. Achague moja ya kujaribu wiki hii.
6. Panga siku ya kurudi kuzungumza. Na urudi kweli.

Akisema "mimi sina akili", usimkatishe kwa "acha maneno hayo". Muulize wazo hilo limetoka wapi, na kama kuna siku halikuwa kweli.

Swali la 4: Anajisikia salama na nani?

Hapa ndipo Sigmund Freud wa Vienna alipo, mwanzoni mwa karne ya 20, akisisitiza kwamba utoto unaishi ndani yetu na kwamba hatuzijui sababu zetu zote. Mengi aliyoyadai hayakuthibitika. Chukua hilo moja na uache kufumbua ndoto za mwanao.

Kilichofuata baada yake kina msingi imara zaidi, na sehemu ya msingi huo ilijengwa Uganda. Mary Ainsworth alifika huko mwaka 1954, akazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, nyumba kwa nyumba, kwa miezi kadhaa. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake humtumia kama kituo: anatambaa mbali, anagusa vitu, anageuka kumtazama, anaendelea. Akitishika, anarudi. Kitabu chake juu ya watoto wale kilitoka mwaka 1967. Wanafunzi wengi wa saikolojia wanajua majaribio aliyoyafanya Baltimore baadaye. Wachache wanajua kwamba macho yake yalifunguliwa kwanza na akina mama wa Uganda.

Kijana naye ana kituo chake, ingawa hatakiri. Jiulize:

☐ Akipata aibu au hofu, anamwendea nani kwanza?
☐ Mtu huyo bado yupo? Dada wa kazi aliyemlea miaka sita akiondoka, kwa mtoto ni msiba, na mara nyingi hakuna anayempa pole.
☐ Mara ya mwisho ulizungumza naye jambo lisilohusu makosa, shule au kazi za nyumbani ni lini?

Carl Rogers wa Marekani alisisitiza kwamba mtu hubadilika anapokubaliwa alivyo, pasipo masharti. Wazazi wengi huhofu kwamba hiyo ni kudekeza. Sivyo. Unaweza kukataa kitendo waziwazi na mtoto akabaki na uhakika kwamba nafasi yake nyumbani haitetereki.

Swali la 5: Dunia yake inamwambia nini?

Tabia nyingi tunazozitafuta ndani ya mtu ziko nje yake: kwenye darasa la watoto mia, kwenye njia ya kwenda shule, kwenye kundi la rika, kwenye ada isiyolipwa. Karibu na Ziwa Victoria, eneo la Usenge nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto kuhusu dawa za asili za kutibu minyoo na magonjwa mengine. Matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini kwenye majaribio ya msamiati ya mtindo wa shule. Watoto wale walikuwa wamejifunza sana, ila kile ambacho kipimo hakikukiuliza.

Kwa hiyo nenda mahali penyewe. Tembea naye njia ya shule siku moja, saa anayotembea yeye. Kama kuna kona anapunguza mwendo au kuvuka barabara bila sababu, umepata kitu. Konda anayemshika, wavulana wanaomngoja, mwalimu anayemwita pembeni: haya hayajitokezi kwenye ripoti ya shule.

> Jaribio moja, majibu matatu
>
> Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel aliwawekea watoto wadogo wa Stanford kitamutamu mezani: kula sasa kimoja, au ningoje upate viwili. Ufuatiliaji wa baadaye ulisema waliongoja walifanya vizuri zaidi maishani, na dunia ikahitimisha kwamba siri ni nguvu ya kujizuia.
>
> Mischel mwenyewe alikuwa ameona kwamba kukifunika kitamutamu, au kumfundisha mtoto kuwaza jambo jingine, kulirefusha subira. Hilo ni jibu la *mawazo*.
>
> Mwaka 2013, watafiti wa Rochester, Marekani, walianza kwa kuwaahidi watoto vifaa vya kuchorea. Kwa baadhi walitimiza, kwa wengine walikuja mikono mitupu. Waliotimiziwa walingoja kitamutamu cha pili kwa wastani wa dakika 12 hivi, waliodanganywa dakika 3. Hilo ni jibu la *malipo na uzoefu*: mtoto asiyengoja huenda amejifunza kwamba watu wazima hawatimizi.
>
> Watafiti wengine waliwalinganisha watoto wa Wanso wa Kameruni na wa Ujerumani. Wengi wa Wanso walingoja hadi mwisho. Wengi wa Wajerumani hawakufika. Hilo ni jibu la *malezi na utamaduni*.
>
> Na mwaka 2018, utafiti wa watoto zaidi ya 900 ulionyesha kwamba ukizingatia hali ya familia, uwezo wa jaribio hili kutabiri maisha ya mtoto hupungua sana.

Kisanduku hiki kiwekee alama. Kila utakapomsikia mtu akisema "yule hana nidhamu", jiulize ni ahadi ngapi amewahi kutimiziwa.

Kuyaunganisha majibu

1. Kwenye ukurasa mmoja, andika jibu fupi la kila swali. Mengine yatabaki matupu.
2. Chagua maelezo mawili yanayoelekea kuwa kweli. Usichague moja, kwa sababu utalitetea badala ya kulipima.
3. Kwa kila maelezo, andika: "Kama hili ni kweli, nikifanya hivi, nitaona vile." Kwa mfano: kama ni macho, akikaa mbele wiki mbili, daftari litajaa.
4. Jaribu moja kwa wiki mbili. Andika tena.
5. Pasipo mabadiliko, nenda kwenye maelezo ya pili. Shirikisha mwalimu au mzazi mwenzako ili msivutane.

Kuhusu bibi na maombi: usigombane. Maombi na hospitali vinaweza kwenda siku moja. Kinachoumiza ni kimoja kumchelewesha mtoto kukifikia kingine.

Makosa ya kuepuka

- Kumpachika ugonjwa kwa sababu umesoma dalili zake kwenye simu. Jina la ugonjwa hutolewa na mtaalamu aliyemwona.
- Kumhoji mbele ya wageni au wadogo zake.
- Kulinganisha: "mbona dada yako". Hakumwelezi lolote, na kunavunja uhusiano wa wawili hao.
- Kubadilisha mambo matano kwa siku moja. Hutajua kipi kilisaidia.
- Kuelewa kisha kusamehe kila kitu. Mume anayepiga anaweza kuwa na utoto mgumu. Bado apigwaye alindwe kwanza, maelezo yatafuata.

Usingoje wiki mbili ikiwa:

☐ anazungumzia kufa, kujidhuru, au anagawa vitu vyake
☐ anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni
☐ amebadilika ghafla akiwa na homa, maumivu makali ya kichwa, au baada ya kuumia kichwa
☐ hali au halali kwa siku kadhaa
☐ kuna dalili yoyote ya kuguswa au kulazimishwa kimwili

Kwa matatu ya kati, na kwa kujidhuru, nenda hospitali leo, ikiwezekana yenye kitengo cha afya ya akili, na usimwache peke yake njiani wala nyumbani. Kwa mtoto anayedhulumiwa, piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Kama umehisi lakini huna ushahidi, piga hivyohivyo, ueleze uliyoyaandika kwenye daftari: siku, saa, mahali, na nani alikuwepo.